Maneno Yangu Ndani ya Hukumu ya Renke

Kwa Diekhoff, fundi wa mapaa,
Njia ya Kisimani 4,
Torfhorst.
Jumanne, 21 Februari 1984

Mpendwa dada yangu Gesine, binti wa mjomba,

Kaa kitako kwanza, maana leo unaandikiwa na mfalme. Jumamosi iliyopita, kwenye karamu yetu ya sukuma wiki, mimi Harm mtoto wa shangazi yako nimevishwa taya la nguruwe shingoni na kutawazwa Mfalme wa Sukuma mbele ya watu themanini. Wanasema bahati haina kwao. Waongo hao! Kwao ni hapa kwangu, na siku hizi haibishi hata hodi.

Haya, hujambo lakini? Baridi ya huko Winnipeg inawatendaje? Mgongo wa shemeji Walter umenyooka, au bado anatembea kama anatafuta sindano sakafuni? Watoto je? Sisi wazima. Frauke anakohoa kidogo na kunigombeza sana, kwa hiyo afya anayo. Mimi goti la kulia limegoma kupanda ngazi, la kushoto linapanda kwa niaba ya wote wawili. Paa la shule liling'olewa vigae na upepo wa Januari, na nani mwingine wa kulipanda?

Sasa nije kwenye swali lako la Krismasi. Uliuliza kama ni kweli Renke Wübbenhorst anakuwa waziri wa sheria wa jimbo. Najua kwa nini unauliza, usijifanye. Sote tulikuona kwenye dansi ya maonyesho ya kulenga shabaha, mwaka hamsini na moja, na buti zake zilivyokukanyaga usilalamike hata mara moja.

Dada, nina siku kumi na moja sijatulia. Nitakueleza taratibu, na wewe usome taratibu.

Renke unamjua: mtoto wa mkata mboji ya kuwashia moto, wa kwanza kijijini kwetu kupelekwa shule ya watoto wa wakubwa, kilomita kumi na nne kwa baiskeli isiyo na breki. Mimi nilimaliza darasa la nane kwa kutokea mlango wa nyuma, yeye akarudi jaji. Miaka kumi na saba alikaa kwenye mahakama ndogo ya Ammerhude. Kila kesi ya ajali alikwenda mwenyewe barabarani na utepe wa kupimia, mvua inyeshe isinyeshe. Mkate wake wa mchana aliufunga kwenye karatasi, na karatasi akaikunja na kurudi nayo nyumbani. Halafu akaingia baraza la wilaya, halafu bunge la jimbo huko Hannover, na gari lake likabaki lilelile, linalowaka kwa kuombewa.

Na mimi, kama nilivyokuandikia wakati ule kwa mbwembwe zote, niliteuliwa mzee wa baraza mahakamani kwake. Miaka minne nilikaa mkono wake wa kulia. Mkono wa kushoto alikuwa marehemu Almuth wa posta. Raia wawili na jaji mmoja, na kura ya kila mmoja uzito sawa. Unaona nchi ilivyo na imani? Fundi paa na muuza stempu wakiungana, jaji kashindwa.

Mwaka sabini na sita akaletwa mbele yetu Gerold Tapken, dereva wa lori la maziwa. Alikuwa amelewa, akamgonga mtoto wa kike aliyekuwa kwenye baiskeli, mguu ukakatwa. Gerold alipomwona yule mtoto anaingia na magongo yake, alilia hadi tai ikalowa. Tukampa kifungo cha nje. Akaenda nyumbani kwa watoto wake watatu.

Miaka miwili baadaye, amelewa tena, akamuua Theda, mke wa Focke mwoka mikate, alipokuwa akitoka kwenye mazoezi ya kwaya. Hilo nilikuandikia. Lakini sikukuandikia kwamba tangu siku hiyo Focke hakumsalimu Renke tena. Mke wa Renke alikuwa akinunua mkate Ammerhude, maana dukani kwa Focke hakuhudumiwa.

Basi, Ijumaa ya tarehe kumi, nimekaa na kahawa yangu, Frauke akaniwekea gazeti la wilaya mbele bila neno. Herufi kubwa kama za tangazo la kifo: HURUMA ILIYOUA. Picha ya Renke upande mmoja, ya Theda upande wa pili. Chini yake wakauliza kama mtu wa namna hiyo ndiye wa kukabidhiwa mahakama zote za jimbo.

Hilo lilinishtua, ndiyo, lakini subiri. Katikati ya ukurasa waliweka mstari kutoka kwenye hukumu yenyewe, umezungushiwa kisanduku cheusi: «Mtu anayelia mbele ya yule aliyemuumiza hajapotea bado, amebakiwa na kitu ambacho gereza halina uwezo wa kumrudishia likikivunja.»

Gesine, nikausoma mara mbili. Yale ni maneno yangu!

Kile chumba cha kushauriana tuliingia watatu, mlango ukafungwa. Renke akasema huyu aende jela. Mimi nikasema, hivihivi kwa mdomo wangu, «Jamaa kalia bwana! Anayelia bado ana kitu ndani. Mkimfungia huko mtakivunja, na nani atamuundia kingine?» Almuth akatikisa kichwa kukubali, naye macho yamemlowa. Renke akatuomba. Akatuomba mara ya pili. Tukapiga kura: wawili kwa mmoja.

Na sheria yetu, kama huijui, iko hivi. Jaji akishindwa kura, yeye huyohuyo ndiye anayeandika hukumu. Haruhusiwi kuandika «mimi sikutaka». Anaiandika kana kwamba ni mawazo yake. Wala sisi wazee wa baraza haturuhusiwi kusema nani alipiga kura gani, hadi tunaingia kaburini. Tuliapa tumeinua mikono. Renke, kwa kuwa ni Renke, hakuandika ovyo. Aliyachukua maneno yangu ya kilabuni, akayaogesha, akayavika suti, akayatia sahihi yake. Aliitetea huruma yangu vizuri kuliko nilivyoweza mimi. Na sasa walikuwa wanamnyonga kwa ile kamba aliyonisukia.

Almuth alizikwa mwaka juzi. Basi duniani tuliojua tulibaki wawili.

Sikumaliza kahawa. Niliwasha gari nikaenda kwake, na viatu vya ndani miguuni. Nikamkuta sebuleni, simu inalia, haipokei.

«Renke,» nikamwambia, «naenda gazetini sasa hivi. Nawaambia aliyeamua alikuwa nani.»

«Hakuwa mtu,» akanijibu. «Ilikuwa mahakama.»

«Acha hiyo lugha yako ya makaratasi! Wanakuzika!»

«Kaa, Harm.»

«Sikai!»

«Basi simama, lakini nisikilize. Uliapa?»

«Niliapa.»

«Ukisema leo kwa ajili yangu, kesho mzee wa baraza gani atathubutu kumhurumia mtu? Kila mmoja atakaa pale akihesabu nani atamtaja baada ya miaka minane. Wataanza kupiga kura kwa woga. Mimi uwaziri naweza kuishi bila huo.»

«Lakini si kosa lako!»

Akanitazama, dada, macho makavu kabisa. «Sahihi ni yangu,» akasema. Kisha akaniuliza kama viatu vile vya ndani navyo ni vya kiapo, maana navivaa hadi kwa watu. Nikacheka. Nilifika kwenye gari ndipo nikajua kuwa sikuwa nikicheka.

Siku tano zilizofuata nilijiambia mambo yatapoa. Watu wetu wakiwa na soseji mbele yao husahau hata majina ya wakwe. Hayakupoa. Mtu alimwagia rangi nyekundu geti lake. Chama chake kikaanza kuzungumza kwa sauti ya mtu anayetafuta kofia yake ili aondoke. Jumatano mchana nipo juu ya paa la shule, redio ya mkononi imening'inia kwenye ngazi, nikasikia: Bwana Wübbenhorst ameondoa jina lake, na kiti cha bunge pia anakiachia. Waandishi wakamuuliza kama anaijutia ile hukumu. Akasema jaji hazungumzii yaliyotokea chumbani, na kwamba anamwombea mume wa Theda faraja.

Nilishikilia bomba la moshi kwa mikono miwili. Miaka arobaini napanda mapaa, sijawahi kuogopa kuanguka. Siku hiyo niliogopa.

Sasa Jumamosi. Ulikuwepo zamani, unajua mwendo: mkokoteni wa pombe mbele, kila mtu kikombe chake kimening'inia shingoni kwa uzi, tufe linarushwa barabarani, na kila kona mtu anagundua ana kiu. Tulipofika ukumbini pua zote nyekundu. Sukuma ikaletwa na soseji zake, na kiti cha mbele yangu kikavutwa. Nani? Focke! Tangu Theda afe hakuwahi kuja. Alikuwa amenyoa vizuri, amevaa koti la harusi za watu. Hakula. Alikuwa akikata soseji vipande vidogovidogo, kama anamkatia mtoto.

Tjark wa kinu, mfalme wa mwaka jana, akasimama na taya la nguruwe mkononi. «Harm Diekhoff! Simama mzee, tuone kama tumbo linatosha ufalme!»

«Mpimeni kwanza, kala sahani nne huyo!»

«Tano!» nikajibu. «Ya tano niliila mkiwa mnaimba.»

«Afadhali wewe Harm,» mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. «Tungemteua Renke, hata nguruwe angempa kifungo cha nje!»

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, watu wanapiga meza. Nami meno yalikuwa nje, nakiri. Focke akaweka kisu chini.

«Chekeni tu,» akasema, wala hakupaza sauti. «Mimi hiyo huruma yake naipelekea maua kila Jumapili.»

Hata mama wa jikoni alisimama na bakuli lake mlangoni. Nilikuwa nimesimama tayari kutawazwa. Nikamwona Renke akilini, na karatasi yake ya mkate. Nikajiona nimeinua mkono mahakamani naapa. Nikamtazama Focke, na vile vipande vya soseji sahanini, hajala hata kimoja.

«Focke,» nikasema, «ile huruma si ya Renke. Ni yangu. Yeye alitaka jela. Mimi na marehemu Almuth tulimshinda kwa kura.»

Unajua nini kilitokea, Gesine? Walicheka! Walicheka kuliko mwanzo!

«Jamani, leo Harm kawa jaji!»

«Si ndiye aliyeezeka kanisa la Köln kwa mkono mmoja?»

«Mwongezeeni sukuma, kesho atatuambia alimfundisha Papa kusali!»

Hayo ndiyo mavuno ya mtu aliyeongopa miaka hamsini na mitatu ili watu wafurahi. Nilisema ukweli mmoja, mzito kuliko yote niliyowahi kuyabeba, nao wakautafuna na soseji. Nilipiga meza. Nikasema «Sitanii!» Wakapiga meza nao, wakaitikia kwa pamoja: «Sitanii!»

Mtu mmoja tu hakucheka. Focke aliinamisha kichwa upande, kama anavyosikiliza tanuri lake.

«Alisema nini?» akaniuliza. «Renke. Mle chumbani, alisema nini?»

«Alisema, ‹Huyu atakunywa tena. Nawaomba.› Alituomba mara mbili.»

«Mara mbili.»

«Mbili, Focke.»

Akachukua kofia yake. Akanipita karibu sana, harufu ya unga na sabuni, akatoka. Kicheko kikafa kidogokidogo, meza moja baada ya nyingine, na Tjark bado kashika taya la nguruwe hewani.

Jumapili asubuhi nikaenda kwa Renke, safari hii na viatu vya ngozi. Nilidhani atanikumbatia, nisikufiche. Alinifungulia mlango nusu. Habari zilikwisha kumfikia. Kijiji chetu hakihitaji redio.

«Umevunja kiapo,» akasema.

«Nimevunja. Kwa ajili yako, na kwa ajili ya Focke.»

«Nilitoa uwaziri na ubunge ili kitu kimoja kisimame, Harm. Sasa sina uwaziri, wala hicho kimoja hakijasimama. Umenipunguzia nini?»

Akafunga mlango, polepole, bila kuubamiza. Angeubamiza ningelala usingizi.

Jana Jumatatu nikarudi kwenye paa la shule, na kutoka kule juu nyumba ya Renke inaonekana yote, hadi geti lenye rangi. Saa moja na nusu gari la mikate likaja. Nikajua linapita. Halikupita. Focke akashuka na mfuko wa karatasi, akasimama getini, muda mrefu, mpaka nikahisi mkate umepoa. Akabonyeza kengele. Renke akatoka na fulana. Sikusikia neno, upepo ulikuwa mbaya. Niliona tu Focke amenyoosha ule mfuko kwa mikono miwili, na Renke akaupokea kwa mikono miwili, na hakuna aliyeachia. Walisimama hivyo. Kisha wakaingia ndani wote, na gari likabaki barabarani mlango wazi, mikate ya watu inapigwa na baridi. Miaka sita, dada! Kigae kilinitoka mkononi kikavunjika uani, mwalimu mkuu akanitukana, nami nikamshukuru.

Saa sita nikateremka kwenda dukani kwa Focke kununua mkate wangu wa siku zote. Binti anayeuza pale akawa mwekundu hadi masikioni. «Mzee Harm,» akasema, «nimeambiwa nisikuuzie.» Nilisubiri kidogo, labda kuna sentensi nyingine. Haikuwepo. Nikamwambia vema, mwanangu, nikatoka. Ni haki yake. Kifungo changu si cha nje.

Frauke ananiambia wataniburuza mahakamani kwa ajili ya kiapo. Na waniburuze. Nitakwenda na tai yangu nzuri. Ila sijui nitamtazamaje atakayekaa mkono wa kulia wa jaji, fundi mwenzangu wa kitu fulani, ananionea huruma.

Mwandikie Renke, tafadhali. Wewe atakujibu. Usinitaje, mkumbushe tu dansi na buti.

Msalimie sana shemeji Walter na mgongo wake, Heike, Uwe, na mjukuu ambaye bado hamjatuma picha yake. Shangazi Meta anasema anakuombea, na anauliza kama huko Kanada sukuma inapata baridi ya kutosha, maana isipopigwa na theluji haina utamu. Mungu awape theluji ya kiasi, kuni za kutosha, na majirani wanaowafungulia mlango wote, si nusu.

Mimi yuleyule wako, ninayekupenda tangu ulipokuwa ukinibeba mgongoni kuvuka mtaro,

Harm

N.B. Lile la ufalme nililoanzia si kweli. Taya la nguruwe alivishwa daktari wa mifugo. Mimi nilitoka ukumbini peke yangu, nikarudi nyumbani kwa miguu.